Ameanzia wapi? Ernest Mancoba na picha isiyo na jina la kitu

Asubuhi nilimwonyesha kijana mmoja anayechora twiga na machweo kwa ajili ya wageni wanaopita Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Jioni nikamwonyesha mama anayesuka vikapu vya milulu. Picha ilikuwa ileile, kwenye simu ileile: turubai la mchoraji Ernest Mancoba liitwalo L'Ancêtre, jina la Kifaransa lenye maana ya mhenga. Ukiliangalia haraka utaona rangi nyepesi na mipigo mifupi ya brashi, mmoja umeelekea huku na mwingine kule. Ukitulia, katikati panajitokeza kitu kama mtu aliyesimama wima. Ukimkodolea macho ili umhakikishe, anayeyuka na kurudi kuwa rangi.

Kijana aliuliza swali ambalo karibu kila mtu huuliza. "Kaka, hii ni picha ya nini?"

Mama aliweka milulu yake kando, akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu kwa mikono miwili. Alikaa nayo kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu ameanzia wapi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyabeba maswali hayo mawili, na naamini tofauti yake ndiyo inayowafanya watu wengi wasimame mbele ya picha za aina hii wakajiona wajinga, ilhali si wajinga hata kidogo. La kwanza linatafuta jina la kitu. La pili linafuata njia ya mkono. Msukaji wa kikapu hawezi kuuliza vingine, kwa sababu kikapu huanzia kitakoni, na ukishaona kitako umejua msukaji alianza na nyuzi ngapi, aliongeza wapi, na kwa nini pambo la ubavuni limeangukia pale lilipoangukia.

Kijana naye hakukosea. Picha tulizokua nazo zina majina: picha ya Rais ukutani ofisini, picha ya harusi sebuleni, picha ya Bikira Maria kanisani. Tumezoea picha iwe shahidi wa kitu kilicho nje yake. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka, na katika miaka yote ya kushika brashi sijawahi kuulizwa herufi D katika DUKA LA DAWA ni picha ya nini. Watu husimama nyuma yangu wakasema herufi hii imebanwa, ile imelemea kushoto, nyekundu hii inapiga kelele, ipunguze. Wanaona uzito, nafasi na kelele ya rangi. Macho hayo wanayo tayari. Tatizo ni kwamba wakiingia mahali penye picha za kuning'inizwa huyaacha mlangoni.

Sanaa hii kwa Kiswahili huitwa sanaa dhahania, na nadhani jina lenyewe limechangia kutuchanganya. Dhahania ni kile kilichomo kwenye dhana, kisichoshikika. Basi mtu akisikia "picha dhahania" hudhani ni fumbo la msomi, na kwamba nyuma ya rangi imefichwa maana ambayo yeye hakusomeshwa. Mimi naona mambo yako kinyume. Mchoro wa twiga ndio unaokuomba usahau kinachoshikika: usahau kwamba mbele yako kuna kitambaa kilichopakwa rangi, uamini kuna twiga. Picha dhahania haikuombi usahau kitu. Nyekundu ni nyekundu, mstari ni mstari, na pale rangi ilipolundikana unaweza kuona ilikauka ikiwa imesimama.

Ukitaka kuonja jambo hili bila picha yoyote, panda barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile yenye kona 57, msimu ambao mpunga umeshika. Unapoanza chini kila kitu kina jina: jaruba, mfereji, bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni. Kadiri gari linavyozunguka kona, majina yanadondoka moja moja. Ukifika juu ukageuka, bonde la Usangu limelala chini yako na majaruba yamekuwa vipande vya kijani, kimoja kimekolea, kingine kimepauka, na mfereji umebaki mstari unaong'aa. Moyo unashtuka. Hujui ni shamba la nani wala mbegu gani, na hukuhitaji kujua. Kilichokushika ni mpangilio wenyewe: jinsi kipande kilivyokaa na kipande, na upana wa nafasi iliyoachwa. Mchoraji wa dhahania anaitafuta hali hiyo kwa makusudi, akiwa hana mlima wa kupanda, ana turubai tu.

Wachoraji wa Ulaya walifika huko kwa njia zaidi ya moja. Anayenisaidia zaidi kueleza ni Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa 1872. Kuanzia 1908 alichora miti, mmoja baada ya mwingine. Mti wa mwanzo ni mwekundu, na shina lake na matawi yake unaweza kuyataja. Mwaka 1911 akachora mti wa kijivu ambao matawi yake yamekuwa matao. Mwaka 1912 akachora mtufaha uliochanua, na laiti si jina lake usingejua ni mti: yamebaki matao yanayopishana kama makope. Miaka iliyofuata matao nayo yakaondoka, ikabaki mistari iliyonyooka na miraba ya nyekundu, bluu na njano. Wakulima wa Njombe na Makete wanaolima matufaha wanalo neno la kazi hiyo: kupogoa. Anayepogoa hauchukii mti. Anakata kinachozuia mwanga ili kilichobaki kizae. Mondrian alipogoa mpaka akafika mahali ambapo wengi wetu tungeshauweka chini mkasi zamani, naye akaendelea.

Wengine hawakupogoa, walianza na uwanja mtupu. Kazimir Malevich alionyesha mraba mweusi juu ya weupe mwaka 1915, basi. Wassily Kandinsky, aliyekuwa amesomea sheria, alisimulia jinsi alivyosimama Moscow mwaka 1896 mbele ya picha ya Claude Monet asiitambue ni ya nini, mpaka karatasi ya maonyesho ilipomwambia ni lundo la nyasi. Alijisikia vibaya kwa kutotambua, na bado picha haikumtoka kichwani. Mtu mzima, msomi, alikuwa na swali la kijana wetu mdomoni, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii.

Hao wameandikwa vya kutosha. Ninachotaka kukaa nacho ni jambo linalotajwa kwa haraka halafu likapitwa. Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris akakuta vinyago na sanamu kutoka Afrika, na michoro yake haikuwa ileile tena. Wachongaji waliotengeneza vitu vile walikuwa wamekwisha kupogoa. Walikuwa wanajua uso wa binadamu ukoje, na walichagua kutouiga. Ulaya ilijifunza kwao bila kuyauliza majina yao. Kwa hiyo mtu akisema picha dhahania ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kwetu, nusu ya hadithi imemponyoka. Na hapo ndipo anapoingia Ernest Mancoba.

Mtoto wa machimbo

Wazee wa Rungwe na Kyela wanaikumbuka Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa machimbo, lililowachukua vijana kutoka huku kwetu kwenda machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na safari zile zikasitishwa. Katika ulimwengu huohuo wa machimbo ndimo Mancoba alimozaliwa, Agosti 1904, eneo la Turffontein, Johannesburg. Baba yake alikuwa mchimbaji. Kijana alipelekwa Grace Dieu, chuo cha ualimu cha Kianglikana karibu na Pietersburg, mji unaoitwa Polokwane siku hizi, na huko akajifunza kuchonga mbao.

Kwa hiyo hakuanza na rangi, alianza na patasi. Mwaka 1929 alichonga Bikira Maria mwenye sura ya mwanamke wa Kiafrika. Leo jambo hilo halitushangazi, makanisa yetu mengi yana sanamu za namna hiyo. Kwa Afrika Kusini ya wakati ule lilikuwa tendo la ujasiri, na lilimpa jina. Naomba msomaji alishike hili, kwa kuwa ndilo jibu langu la kwanza kwa wanaosema wachoraji wa dhahania hawajui kuchora kitu kikafanana. Mancoba alijua. Alikifanya akiwa na miaka 25, akasifiwa, akaondoka hapo.

Alisoma Fort Hare, akafundisha shule, akaishi Cape Town katikati ya wasanii. Mchongaji mmoja huko, Lippy Lipshitz, alimwambia asome kitabu kilichoandikwa na Paul Guillaume na Thomas Munro kuhusu sanaa ya kuchonga ya Afrika. Akaenda kukisoma maktaba. Hebu lifikirie jambo hili taratibu. Mwafrika, mchongaji, anakutana na sanamu za Afrika ya magharibi na ya kati kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu kilichoandikwa na wageni, kuhusu vitu vilivyobebwa kwenda kwao. Chuo cha misheni hakikuwa kimemfundisha hayo. Wengine wangekasirika wakaishia hapo. Yeye aliona kwamba kuna watu mahali fulani duniani wanaozichukulia sanamu hizo kama kazi ya akili, na kwamba katika nchi yake hakuna atakayemruhusu aendelee nazo hivyo.

Ruhusa aliyopewa ilikuwa nyingine. Mwaka 1936 Johannesburg iliandaa maonyesho makubwa ya himaya ya Uingereza, na maofisa wa serikali wakamtaka Mancoba atengeneze sanamu ndogo za "wenyeji" za kuuzia watalii. Kulikuwa na mshahara. Alikataa. Mwaka 1938, akiwa na miaka 34, akapanda meli kwenda Ulaya.

Nilipomsimulia hili kijana wa twiga alinyamaza, halafu akasema, "Lakini kaka, twiga ndiye anayelipa kodi ya chumba." Ni kweli, na simlaumu hata kidogo. Mancoba mwenyewe aliulipia uamuzi wake kwa umaskini wa miaka mingi. Nataka tu tuone alichokikataa. Maofisa walitaka sura. Walitaka Mwafrika awape sura ya Mwafrika, ndogo, inayoingia kwenye begi. Mtu aliyetakiwa maisha yake yote kuwa mtengenezaji wa sura ya watu wake, anapoamua kuchora kisicho na sura, sioni kama amekimbia mambo ya dunia. Amekataa oda.

Rafiki yake Gerard Sekoto, waliyefundisha naye shule moja, alichagua njia tofauti. Alichora mitaa ya watu weusi, watu kazini, wanawake barabarani, na kazi zake zinapendwa kwa haki. Naye akahamia Paris mwaka 1947. Sipendi mashindano ya nani alikuwa mzalendo zaidi kati yao. Sekoto alisema: tazameni tunavyoishi. Mancoba alikuwa anauliza kitu ambacho hakikuwa na mtaa wala tarehe.

Kambi, theluji na jina lililoachwa

Paris alikutana na wasanii wa Denmark, na kati yao Sonja Ferlov, mchongaji, ambaye jirani yake wa karakana alikuwa Alberto Giacometti. Mwaka 1940 Mancoba alichora kwa rangi ya mafuta turubai dogo aliloliita Composition, yaani mpangilio. Lina umbo linalokaribia kinyago, limegawanywa kwa mistari mizito, na ndani ya kila chumba kuna rangi iliyokolea. Ni mojawapo ya picha za mapema kabisa za msanii Mwafrika wa zama hizi ambazo zimeuacha mfanano kwa makusudi.

Mwaka huohuo Wajerumani waliingia Paris. Afrika Kusini ilikuwa chini ya taji la Uingereza, kwa hiyo Mancoba akahesabiwa raia wa adui na kufungiwa katika kambi ya Saint-Denis. Alitoka 1944. Yeye na Sonja walifunga ndoa mwaka 1942, wakati yeye angali kambini. Mtoto wao wa kiume, Wonga, alizaliwa 1946, na mwaka uliofuata wakahamia Denmark.

Huko kulikuwa na kundi la wasanii vijana lililojiita CoBrA, kifupi cha Copenhagen, Brussels na Amsterdam, lililoundwa Novemba 1948. Mancoba alikuwa nao na kuonyesha kazi pamoja nao. Alikuwa mweusi pekee. Historia ya kundi hilo ilipoandikwa, kwa miaka mingi jina lake likaachwa nje, au likatajwa kama mume wa Sonja. Tunarudia tena jambo lile la Trocadéro: kazi inaonekana, mwenye mkono haulizwi. Mwaka 1952 familia ikarudi Ufaransa na kukaa kijijini Oigny-en-Valois, kisha Paris. Mwaka 1961 alipata uraia wa Ufaransa. Sonja alifariki 1984.

Nchi yake aliiona tena mwaka 1994, miaka 56 baada ya kuondoka, nyumba ya sanaa ya Johannesburg ilipoonyesha kazi zake pamoja na za Sonja. Alikuwa na miaka 90. Alifariki Oktoba 2002 karibu na Paris. Mwaka 2019 jumba la Centre Pompidou la Paris likamfanyia maonyesho yake mwenyewe. Nilipoziona tarehe hizi kwa mara ya kwanza niliziandika kwenye kipande cha ubao nikakitundika karakanani, na bado kipo.

Kitako cha kikapu

Sasa swali la mama. Mancoba ameanzia wapi?

Kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, turubai baada ya turubai, kuna umbo moja linalorudi katikati: kitu cha wima, kichwa juu, kiwiliwili kilichokatwa pembe, miguu iliyofunguka. Mara limesimama wazi, mara limebaki harufu tu. Wanaoichunguza kazi yake wamelifuata umbo hilo mpaka kwenye sanamu za Wakota wa Gabon. Hizo ni sanamu za mbao zilizovikwa mabati ya shaba. Uso ni bapa, umepunguzwa mpaka yakabaki macho na mstari wa pua. Chini ya shingo hakuna kifua wala mikono, kuna pembenne tupu iliyosimama kwenye ncha, kama dirisha. Ni kupogoa kwa hali ya juu.

Na sanamu hiyo ilisimama wapi? Ilichomekwa juu ya kikapu. Ndani ya kikapu ilihifadhiwa mifupa ya wahenga, na sanamu ilikuwa mlinzi wao.

Nilipomweleza mama hivyo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolitegemea. Mimi nilikuwa nimesisimka, nikaanza kumwambia: unaona, basi kikapu chako na picha ya Mancoba ni kitu kimoja! Akanikatiza. "Hapana, baba. Changu ni cha kubebea unga."

Alinifundisha, na ninataka kuliweka wazi kwa sababu nimeona makala nyingi zikiteleza hapo. Ni rahisi kusema mapambo ya vikapu vya Wahehe ni sanaa dhahania, vyungu vya Wakisi ni sanaa dhahania, yamekwisha. Wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga chungu kwa mkono bila gurudumu, hukisugua mpaka king'ae, hukipaka udongo mwekundu na mweupe kwa michirizi, kisha hukichoma, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema. Michirizi ile haifanani na kitu chochote. Lakini chungu kina kazi: maharage, maji, pombe. Pambo limezaliwa pamoja na matumizi, limerithiwa kwa mama na shangazi, na anayelitazama tayari anaishi nalo. Hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Mancoba hakuwa na kikapu. Alikuwa na lile umbo la juu ya kikapu, limekatwa kutoka kwa wahenga wake, limefungiwa kwenye kabati la kioo ugenini, yeye mwenyewe akiwa ugenini. Turubai halibebi unga. Halilindi mifupa ya mtu. Kazi yote ambayo mwanzoni ilifanywa na kikapu, kijiji na wimbo ikabidi ifanywe na rangi peke yake. Ndiyo maana picha dhahania huonekana ngumu kuliko kikapu hata kama mistari yake ni rahisi zaidi: imesimama bila matumizi wala ukoo, inakuomba uilete karibu wewe. Na ndiyo maana, nadhani, alilichora umbo lile kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa anajaribu kulitafutia mahali pa kukaa.

Hapa kuna jambo la mwisho la kufumbua, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mancoba mwenyewe hakulipenda neno hili, dhahania. Alipinga ule ukuta wa kugawa picha kuwa za kitu na zisizo za kitu, akiamini kugawanya hivyo kunaupasua uhai vipande vipande. Mlinzi wa Wakota ni mtu au ni umbo? Ni vyote viwili kwa pamoja, na mchongaji wake angeshangaa kuambiwa achague. Ndivyo ilivyo na yule aliyesimama katikati ya L'Ancêtre. Anatokea na kuyeyuka kwa sababu mchoraji hakutaka kumweka upande wowote wa ukuta. Ukiwa na haraka ya kumpa jina, umempoteza. Ukisema ni rangi tu, utamkuta amesimama anakutazama.

Basi mtu afanyeje mbele ya picha kama hii? Mimi hufanya kama ninavyokagua kibao cha fundi mwenzangu. Ninatafuta palipoanza: rangi ipi iko chini na ipi imepita juu yake. Natafuta brashi ilipokuwa imelowa na ilipokauka, kwa sababu hapo unaujua mwendo wa mkono. Naangalia kilichoachwa. Katika picha za Mancoba nafasi tupu ni nyingi, na si uvivu, kwani ukiziba hata moja kwa kidole mtu wa katikati anaanguka. Naiangalia ikiwa mbali, kisha karibu, kisha nageuka nikarudi. Na ninaipa muda, walau muda wa kikombe cha chai. Hatuoni ajabu kukaa saa nzima tukisikiliza ngoma isiyo na maneno, ila picha tunataka itueleze yote tukiwa tunapita.

Kama baada ya hapo haikugusi, haikugusi. Zipo nyingi zisizonigusa, na zipo za ovyo. Wanaosema "hata mtoto wangu angeweza" mara nyingine wana haki. Lakini kwa Mancoba kipimo kipo wazi: panga kazi zake za 1940, za miaka ya 1960 na za uzeeni, utaona mkono mmoja ukilisumbukia jambo moja, ukipunguza kila mara. Mtoto hana subira hiyo.

Kijana wa twiga aliniomba nimtumie picha kadhaa. Wiki mbili baadaye nilikuta kwenye kona ya karakana yake kipande cha turubai alichokuwa anajifutia brashi, na safari hii alikuwa amekifutia kwa mpangilio. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza ni picha ya nini.

Kwa mama nilirudi na picha nyingine, za uzeeni. Katika miaka ya 1990 Mancoba alichora sana kwenye karatasi, kwa wino na kalamu za rangi, mistari iliyosimama kama maandishi ya lugha isiyo na kamusi. Umbo la mlinzi limekuwa vijiti vichache.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umeniletea tena yule wa kikapu?"

Aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa, akausindikiza mstari mmoja mweusi kutoka juu hadi chini. Karibu na mwisho mstari ulikuwa umekwenda kombo kidogo, halafu ukarudi. Msukaji akiona kombo namna hiyo hufumua mzunguko mzima na kuanza upya, na nimemwona akifanya hivyo hata jioni giza likiwa limeshaingia. Aliushikilia mstari ule kwa ncha ya kidole.

"Hapa hakufumua," akasema. Akanirudishia simu, akachukua milulu yake.